Kura Tusiyokuwa Nayo

Baba yangu hana kura kule. Ami yangu hana. Mama hana, mimi sina, na binamu yangu niliyekuwa nimeposwa naye hana pia. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kila nikimsimulia mtu kwamba harusi yangu ilivunjwa na mchujo wa kumpata mgombea urais wa Zanzibar, swali la kwanza ni hilo: kwani nyinyi ni wanachama? Hatukuwa wanachama. Sisi ni Waomani, tunakaa Ibra, pasi yetu ni moja na sheria hairuhusu ya pili. Chama chenyewe sitakitaja, nimechoka nacho.

Baba na ami walizaliwa Unguja mjini. Walikuja huku vijana, katika miaka ya sabini, wakati nchi ilipokuwa ikitafuta watu waliosoma. Baba aliingia kazi ya serikali mpaka akastaafu. Ami, ambaye ndiye kaka mkubwa, alifungua duka la vifaa vya ujenzi Mudhaibi, na saruji ikamfanya mtu wa kuitwa shekhe hata na wasiomjua. Dada yao, shangazi yangu, alibaki kule kwa sababu alikuwa ameshaolewa. Yeye ndiye mwanachama, tena mjumbe wa mkutano mkuu. Katika watu wote nitakaowataja humu, mwenye kura ni yeye peke yake.

Mama yangu ni wa Bujumbura, babu zake walikuwa Waomani wa bara. Aliwaona baba na ami wakipandishiana sauti juu ya siasa za Unguja, akasema, "Hawa wazee hata kitambulisho cha kule hawana, lakini wanagombana kama vile watachaguliwa wao." Alisema akiwa anachambua mchele, na hakuna aliyemsikiliza.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa wakili, mtu mzima, aliyewahi kufungwa kwa ajili ya maneno yake. Wa pili alikuwa injinia, mdogo kwa umri, mwenye suti nzuri na michoro ya bandari. Wajumbe wangekutana, wangepiga kura, na atakayeshinda ndiye chama kingempeleka kwenye uchaguzi wa urais. Baba alikuwa na Wakili. Ami alikuwa na Injinia.

Ya baba nayaelewa. Miaka michache iliyopita nilikwenda naye Unguja, safari yangu ya kwanza. Uwanja wa ndege tulipangwa mstari wa wageni, tukalipia viza. Kijana wa uhamiaji akampigia baba muhuri, akamwambia kwa Kiingereza, karibu Zanzibar, je, hii ni mara yako ya kwanza? Baba akamjibu kwa Kiswahili kwamba amezaliwa mwendo wa robo saa kutoka pale aliposimama. Yule kijana akatabasamu. "Mzee, Kiswahili chako kizuri sana," akamwambia. "Umejifunzia wapi?" Tulipofika hotelini baba alisema kichwa kinamuuma. Wakili alikuwa ameahidi kwamba akishinda, waliozaliwa kule wataingia bila ya viza. Baba hakutaka nyumba wala shamba, alitaka apite kwenye mlango ule bila ya kuambiwa karibu. Alikuwa na miaka sabini na jambo hili lilimkosesha usingizi.

Ami alimcheka. Alisema viza ni karatasi, watu wa kule wanataka kazi, wanataka meli zishushe mizigo, na mtu wa kazi hiyo ni Injinia. Alikuwa pia na hamu ya kufungua duka kule, hilo hakulificha. Mimi sikuwa na mtu wangu katika wawili hawa. Nilikuwa na jambo langu, na jambo langu lilikuwa mtoto wa ami.

Yeye anafanya kazi katika kiwanda cha gesi karibu na Sur. Kila Alkhamisi jioni alikuwa akirudi kwao Mudhaibi, na njiani anapita kwetu Ibra na sanduku la barafu lenye nguru au jodari. Alimkabidhi mama samaki huku akinitazama mimi, na mama alijifanya ameshughulika na samaki. Hatukuwa watoto. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nafanya kazi ya maabara katika hospitali, na yeye alinipita kwa mitatu. Nilimpenda, naliandika hivyo hivyo bila ya mapambo. Nilipenda hata anavyoegesha gari, polepole, kama mwenye muda.

Ami alikuja kunichumbia kwa ajili yake baada ya Idi. Kwetu sisi baba humwuliza binti mbele ya mama yake, na binti akinyamaza, kukubali kwake ndiko huko. Baba aliniuliza. Nikanyamaza, nikaangalia zulia, na mama akapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Tukaenda Nizwa kuchagua dhahabu, wanawake watatu na ami dereva, na ami alikuwa na furaha siku hiyo, akinunua halwa kila duka. Vitambaa mama alinunua kidogo kidogo katika soko la wanawake hapa Ibra, Jumatano baada ya Jumatano. Siku ya kufunga ndoa, ambayo huku tunaiita milka, wazee waliipanga iwe baada ya mkutano mkuu wa chama, ili shangazi awe ameshamaliza ujumbe wake na aweze kusafiri. Hata siku yangu ya kuolewa iliwekwa kwa kalenda yao, na mimi niliona ni jambo la maana.

Sasa nieleze kosa lilipotokea, maana ni kosa la watu wa aina yetu tu.

Hapa petu, unapofika uchaguzi wa baraza la nchi, ukoo hukaa kwanza kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume wa kukutania. Wanakunywa kahawa, wanazungumza, na mwisho mkubwa wao anatoa neno: ukoo wetu uko na fulani. Neno likishatoka, limetoka kwa wote. Mdogo hamkatai mkubwa hadharani. Ami amemsemea baba hivyo mara nyingi, na baba hakuona taabu, kwa sababu ndio adabu na pia kwa sababu hakujali nani anaingia.

Miezi miwili kabla ya mkutano mkuu, mpambe wa Injinia akaja Oman kuwatembelea watu wa Unguja. Ami akamwalika Mudhaibi, akamchinjia mbuzi. Mpambe akasema maneno yake, na ami, ameshiba na ana wageni, akasimama kwenye sabla kama anavyosimama siku zote. "Sisi ukoo wetu wote tuko na Injinia," akasema. "Mimi na mdogo wangu wa Ibra, neno langu ndilo neno lake. Na dada yetu kule, mjumbe, kura yake muihesabu kuanzia leo." Mtu akarikodi kwa simu. Kufika Alasiri, video ilikuwa imeshapita makundi yote ya simu ya watu wetu kutoka Sur mpaka Bahla, na watu wa Wakili, ambao baba alikuwa akiongea nao kila siku, wakampelekea baba wakiuliza: kulikoni?

Baba aliitazama mara tatu. Halafu akamwita mama, wakaitazama pamoja. Mama akasema, "Si ndivyo mnavyofanya siku zote?" na kusema kweli hilo lilikuwa jibu zuri.

Ijumaa ile tulikwenda Mudhaibi kula kama kawaida. Wanaume walikula ukumbini na sisi chumba cha pili, mlango wazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Baba alingoja sinia iwekwe.

"Kaka, nani aliyekwambia unisemee?"

"Mimi mkubwa wako. Mara ngapi nimekusemea hapa, ukanishukuru?"

"Ile ya hapa, kaka. Hii ya nyumbani."

"Nyumbani wapi?" ami akasema. "Wewe nyumbani kwako Ibra. Mwenyewe umelipa viza kwenda kule, au umesahau?"

Baba alikuwa amemsimulia ami habari ya yule kijana wa uhamiaji kwa siri, kama ndugu, na sasa ilikuwa imetupwa mezani mbele ya watoto na wakwe. Akasimama. Mkono wake ulikuwa na wali, hakuunawa. Akatuita, tukatoka, na mpaka tunafika Ibra alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja ili asichafue usukani. Nakumbuka nilitaka kumpa kitambaa na sikuthubutu.

Baada ya hapo ilikuwa vita ya sauti za simu. Baba alirikodi ujumbe akimwita Injinia muuza nchi. Ami akajibu kwamba Wakili ni mzee wa kulialia. Wote wawili walimpigia shangazi kila siku, mmoja asubuhi, mmoja jioni, na shangazi maskini aliwaapia wote wawili. Mimi alinipigia Jumanne moja. "Mwanangu, shikamoo yako nimeisikia, sasa niambie, hawa kaka zangu wameingiwa na nini? Watu wa hapa wenyewe hawagombani hivi." Nilimwuliza kama atakuja kwenye milka, akasema inshallah, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba haitakuwapo.

Wiki ya tatu, ami akatuma ujumbe kwa mdomo wa imamu: harusi iko pale pale, lakini baba anyamaze mpaka mkutano upite, asiendelee kumvunjia heshima mkubwa wake. Lilikuwa sharti dogo. Mtu mwingine angelimeza. Baba alimsikiliza imamu, akamtilia kahawa, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Aliporudi ndani aliniita, na mama akaja akakaa.

"Aliyenisemea leo kwenye siasa, kesho atawasemea watoto wako," akasema. "Nataka kurudisha posa. Wewe unasemaje?"

Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira ni juu yangu mwenyewe. Mimi ni mtu ninayetia sahihi majibu ya damu za watu. Daktari akikosea jina nampigia simu, namwambia rudia. Lakini pale mbele ya baba nilinyamaza. Moyoni nilikuwa nasema hapana, hapana, hapana, na nilidhani mtu aliyenilea ataliona usoni. Kimya cha kwanza kilikuwa cha furaha na hiki kilikuwa cha msiba. Nani asiyeweza kutofautisha? Baba hakuweza. Alingoja kidogo, akavuta pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Binti yangu ana akili." Mama aliniangalia. Alifungua mdomo, halafu akaufunga, na hilo sijamsamehe vizuri mpaka leo, ingawa najua hakuwa na deni kwangu la kusema nisilolisema mwenyewe.

Jioni ile ile nilimpigia mtoto wa ami.

"Tungoje siasa ipite, binti ami," akasema. "Wazee wakipoa nitazungumza nao."

"Kwa nini usizungumze leo?"

"Nitasema nini? Baba ameshatoa neno, na baba yako naye ametoa lake."

"Useme unanitaka."

Nilisikia mitambo ya kiwandani nyuma yake. Akasema, "Wewe ulisema?" Nikakata simu, kwa sababu alikuwa na haki.

Dhahabu tuliirudisha mimi na mama. Mke wa ami alipokea kisanduku mlangoni, akalia, akatukaribisha ndani, tukasema tuna haraka. Vitambaa vilibaki kwetu. Mama alivishonesha mito.

Siku ya mkutano mkuu baba aliunganisha simu na televisheni. Alivaa dishdasha mpya, sijui kwa ajili ya nani. Alinitaka nikae naye, nikakaa. Ukumbi ulikuwa umejaa, wajumbe wamevaa sare, na tulimtafuta shangazi mpaka tukamwona safu ya nyuma, anajipepea kwa karatasi. Baba alikuwa akihesabu kwa sauti: hawa wetu, wale wao, wale bado hawajaamua. Halafu mwenyekiti akasimama, akasema wazee wa chama wamekaa, wamezungumza, na kwa ajili ya umoja Wakili ameamua kujitoa. Wakili akapanda jukwaani. Akamkumbatia Injinia. Wakacheka wote wawili, wakainuana mikono. Mwenyekiti akauliza kama mkutano unaridhia jina moja, na ukumbi ukapiga makofi.

Baba aliendelea kutazama, kana kwamba kura bado zinakuja. Akampigia shangazi, simu haikupokelewa mpaka ilipofika mara ya tano.

"Wewe umefanya nini?" baba akamwuliza.

"Nimepiga makofi, kaka yangu."

"Kwa nini?"

"Wenzangu wote walipiga. Na tulikuwa na njaa, chakula kiko nje tangu saa sita."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna kura iliyopigwa. Karatasi za kura zilizochapishwa, shangazi alituambia baadaye, zilifungiwa vitumbua. Mimi nilikwenda chumbani nikacheka, kisha nikalia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Uchaguzi wenyewe ulipofika, Injinia hakupata kitu. Viza iko pale pale, na bandari iko kwenye michoro. Mtoto wa ami aliozwa majira ya baridi yale na msichana wa Sur, kwa haraka, kwa sababu ami alitaka watu waone kwamba hakungoja mlango wa mtu. Sikualikwa na nisingekwenda. Mke huyo sina ugomvi naye. Nimemwona mara moja, amejaa heshima, alinibusu mkono kama mtu mzima wake.

Baba na ami hawakusemezana mwaka na miezi. Walisali Idi misikiti mbalimbali. Kisha Wakili na Injinia wakaja Maskati pamoja, kuwashukuru watu wetu, sijui kwa lipi. Baba akaenda peke yake, ami akaenda peke yake. Walikaa pembe mbili za ukumbi, na mbele yao wale mabwana wawili wamekaa kochi moja, wanaongezeana chai. Kilichotokea pale sikukiona, lakini niliona marejeo. Baba alirudi Ibra katika gari ya ami, gari yake ameiacha Maskati aifuate kesho. Niliwasikia wakicheka tangu hawajaingia uani. "Siasa bwana," baba akaniambia akivua viatu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha. Kwa hiyo lilihitajika kochi moja tu. Nilimtilia ami maji ya kunawa, nikamsalimia, akanijibu marahaba mwanangu kama vile tuliachana jana.

Ijumaa zikarudi. Safari hii walipendelea kula kwetu. Walizungumza habari za mwaka ule kama watu wanaosimulia utundu wao wa skulini: unakumbuka ile video, unakumbuka ulivyoondoka na wali mkononi. Mama alicheka nao, si sana. Mimi nilileta sahani na kuondoa sahani. Hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba katika mchezo wao palikuwa na mtu.

Mwezi uliopita, baada ya kula, ami aliniita niketi. Alikuwa ametengeneza uso wa siku ya Nizwa.

"Mwanangu, sisi wazee tulikosea," akasema. "Tunataka kutengeneza. Kijana wangu bado anakutaka, mwenyewe ameniambia. Ana uwezo, ana kiwanja cha pili, sharia imeruhusu. Utakuwa na nyumba yako, hapana atakayekuingilia. Mimi na baba yako tumeshakubaliana."

Nilimtazama baba. Alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika, mtu aliyepata njia ya kulipa bila ya kuomba radhi. Akaniuliza kwa adabu zote, mbele ya mama yangu, kama inavyotakiwa. "Unasemaje, mwanangu?"

Nikasema, "Sitaki."

Baba akacheka kidogo, akamgeukia ami. "Ana haya," akamwambia.

"Sina haya, baba. Nimesema sitaki."

Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia ndani ya nyumba ile. Ami alitazama chini. Baba alinitazama kama anavyomtazama mtu wa chama kingine, na mama akaacha kupanga vikombe. Hawakujua, na sikuwaambia, kwamba nilikuwa bado namtaka yule mtu, kwamba Alkhamisi jioni bado nasikiliza gari barabarani. Nilimtaka miaka yote ile, na siku niliyopata nafasi ya kusema nikasikiwa, neno nililokuwa nalo lilikuwa la kumkataa. Lingekuwa lingine kama wangeniuliza tena mwaka ule, hata mara moja, badala ya kukichukua kimya changu kuwa jibu.

Ami aliaga kabla ya kahawa. Baba akamsindikiza mpaka kwenye gari, wakasimama pale jua kali wakizungumza, na nilipopita dirishani nikasikia wameshaanza kujadiliana nani atagombea safari ijayo.